Kuchanganya rangi ya kitambaa na sindano ya panchi: wapi upake, wapi uchome

SindanoTabata (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu, na kina dada wote wa jukwaa la ufundi. Tangu niweke picha ya ule mto wa kochi wenye heroe (wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, flamingo) watu wananiuliza inboksi kitu kilekile, nikaona niandike hapa mara moja kila mtu asome. Uzi ni mrefu, chukua maji ukae.

Swali lenyewe: unaweza kupaka kitambaa rangi halafu ukakidarizi na sindano ya panchi? Unaweza, na mimi naamini kabisa vikikaa pamoja vinapendeza kuliko kimoja peke yake. Ila kuna kitu lazima ukielewe kabla hujafungua kopo la rangi.

Kitanzi cha panchi hakina fundo. Sindano yenyewe ni bomba, uzi unapita ndani unatokea kwenye jicho karibu na ncha, ukichoma nyuzi za kitambaa zinasogea kuipisha, ukiitoa zinarudi mahali pake na kuubana uzi. Hakuna kingine kinachoshika kazi yako, ni huo mbano tu. Sasa rangi ya kitambaa, iwe ile ya kopo au akriliki uliyochanganya na midiamu (ile ya chupa ya kuchanganyia rangi ili ifae kitambaa), ndani yake ina kitu cha kugandisha ambacho kikikauka kinabaki utando mwembamba wa plastiki juu ya nyuzi na katikati ya nyuzi. Ukipaka nzito nyuzi zinashikana, haziwezi kusogea wala kurudi, sindano inatoboa badala ya kupishwa, tundu linabaki wazi na ukivuta uzi kwenda hatua ya pili kitanzi cha kwanza kinachomoka. Watu wanalaumu sindano, wanalaumu uzi, kumbe kilichoharibu ni rangi.

Kwa hiyo mimi nafuata hivi: pale sindano itakapopita rangi iwe nyepesi kama chai ya rangi, pale isipopita paka unene unaotaka. Mengine yote nitakayoandika yanatokana na hilo.

Kitambaa. Kwa sindano nyembamba zile za uzi wa kudarizi (ule wenye nyuzi 6, unatoa 1 mpaka 3 kutegemea sindano) marekani yetu hii ya kawaida inafaa sana, ni pamba tupu, imefumwa kwa kubana, inashika kitanzi vizuri. Kwa sindano nene za uzi wa sweta marekani haifai, imebana mno, sindano inakata nyuzi. Hapo unahitaji kitambaa cha pamba kilichofumwa nyuzi mbilimbili chenye nafasi, wengi wanaagiza mtandaoni. Gunia la juti mashimo yake yanafaa na watu wanalipenda kwa sababu ni rahisi kupata ila juti inakauka na kukatika miaka ikienda, na rangi inaingia madoa madoa, mimi nalitumia kwa picha ya ukutani tu, mto hapana. Kitambaa chochote kinachovutika kama cha tisheti achana nacho.

Kabla ya yote FUA. Marekani inatoka dukani na wanga wa kiwandani, wanga unazuia rangi kuingia, halafu usipofua sasa kitambaa kitakuja kusinyaa siku mteja akifua mto na picha yote itakunjamana. Maji ya moto, sabuni, usiweke dawa ya kulainisha nguo kwa sababu nayo inazuia rangi kushika.

Mpangilio wangu ni kufua, kupiga pasi, kuchora, kupaka, kuacha ikauke kabisa (mimi naacha masaa 24, kipindi cha masika naacha zaidi maana unyevu wa Dar mnaujua), kupiga pasi rangi ishike, ndipo nawamba kitambaa kwenye fremu na kuanza kuchoma. Wapo wanaodarizi kwanza halafu wanapaka pembeni ya vitanzi. Siwapendekezei kwa sababu moja: rangi nyingi za kitambaa zinataka pasi ya moto kavu dakika 3 mpaka 5 ili zisitoke kwenye kufuliwa, na uzi mwingi wa sweta unaouzwa huku ni akriliki. Akriliki ikipata pasi inalala na haiinuki tena. Vile vitanzi ulivyovihangaikia vinageuka bapa vinang'aa.

Nikipata nafasi narudi na mfano wa heroe hatua kwa hatua.

---

mama_nakuru

Mko aje watu wa Tanzania. Heroe hao ni wetu pia jameni 😂 Nimesoma yote na nimeelewa hiyo maneno ya kubana. Mimi niko na swali la kuchora. Panchi unachoma kutoka nyuma, vitanzi vinatokea mbele, si ndio? Na rangi nataka ionekane mbele. Sasa nikichora mbele nipake, nikigeuza nyuma ya kuchoma sioni kitu. Wewe hufanyaje?

---

SindanoTabata

Mama Nakuru asante kwa hilo, nililiruka na ni muhimu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza: ukipaka nyepesi rangi inapenya mpaka nyuma yenyewe, kwa hiyo ukigeuza unaona umbo lake, limefifia ila linatosha kufuata. Ndio faida nyingine ya rangi nyepesi. Picha ukiiangalia kwa nyuma iko kinyume na ndivyo inavyotakiwa maana kwa mbele itakaa sawa. Pale ambapo mistari haijapenya nabandika kitambaa kwenye dirisha mchana, mwanga unapita, naongezea mistari kwa penseli upande wa nyuma. Herufi na namba ndizo zinazohitaji uangalifu, hakikisha kwa mbele zinasomeka kabla hujachoma.

Njia ya pili: unaamua upande bapa ndio uwe mbele. Upande unaochomea mishono inalala imefuatana, na wapo wanaopenda hivyo. Wajapani wana udarizi wao wa bunka wa sindano hiihii na wao uso wa picha ni huo upande bapa, kazi zao ukiziona kwa mbali utasema ni mchoro wa brashi. Ukienda njia hiyo unapaka na kuchoma upande mmoja, hamna kugeuza, hamna dirisha.

Ninachofanya kwenye heroe ni kuchanganya: mwili ni vitanzi, maji yana mistari michache ya upande bapa, yaani nageuza fremu. Inachosha kidogo ila inapendeza sana.

Na kalamu: kama unatumia ile ya kufutika kwa maji, ifute KABLA ya pasi. Nyingi zikipata moto zinaganda hapohapo. Penseli laini haina matatizo hayo.

---

BintiBatiki

Naomba nipinge kidogo dada Sindano, kwa heshima. Kwa nini uhangaike na rangi ya kukaa juu ya nyuzi wakati tuna batiki? Rangi ya batiki inaingia ndani ya uzi wa pamba, haibaki juu, kitambaa kinabaki laini kama ulivyokinunua. Sindano ipite popote. Bibi zetu na mama zetu wanapika hizi rangi na kostiki na haidro (zile dawa za kupikia rangi ya batiki) miaka yote na kitenge kinafuliwa mpaka kinachakaa rangi ipo. Ukiniuliza mimi, tandika batiki kwanza, bluu na waridi, halafu piga panchi juu. Hiyo habari ya midiamu na makopo ya bei ni ya nini.

---

SindanoTabata

BintiBatiki umesema kweli na sikupingi, kwa eneo kubwa kama anga au maji yote batiki inashinda. Rangi iliyoingia ndani ya uzi haizibi nafasi katikati ya nyuzi, kwa hiyo mbano unabaki uleule. Na kwa mtu ambaye tayari anapika batiki nyumbani ni upuuzi kwenda kununua kopo.

Lakini kuna vitu vitatu nakuongezea. Nta ile ya kuzuia rangi kwenye batiki lazima itoke yote kwa maji ya kuchemka, ikibaki hata kidogo kwenye kitambaa sindano inanata, na bomba la sindano nyembamba likishaziba nta kulizibua ni kazi. Pili kitambaa kiwe pamba tupu, ukiweka chenye mchanganyiko wa poliesta ile poliesta haichukui rangi na unapata rangi iliyopauka. Tatu, batiki haiwezi kunipa mguu wa heroe. Mguu wa heroe ni mstari mwembamba mwekundu wenye goti katikati, hapo nataka brashi na rangi ya kukaa pale nilipoiweka.

Na kwa wasiojua, kostiki inaunguza ngozi na macho, glavu ni lazima, unapikia nje, sufuria hiyo haipikiwi chakula tena, na watoto wakae mbali.

---

BintiBatiki

Hapo kwenye mguu nimekubali. Na kweli nta inasumbua, mimi huwa nachemsha mara mbili na sabuni ya unga.

---

SindanoTabata

Haya nimerudi na heroe kama nilivyoahidi.

Kwanza kwa nini heroe. Ziwa Natron kule Arusha karibu na mpaka wa Kenya ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakotagia, na maji yake kipindi cha kiangazi yanakuwa mekundu kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi na magadi. Heroe wenyewe wanapata uwaridi wao kwenye mwani mdogo wanaokula. Yaani ndege na maji ni rangi za familia moja na ukitaka kuzitofautisha kwa rangi peke yake unapata tabu, zinamezana. Hapo ndipo panchi inakuja kuokoa, maji yanabaki bapa, ndege anainuka. Jicho linamwona ndege kwa sababu ana kimo, hata kama rangi yake na ya maji zinakaribiana. Kwangu hii ndio sababu hasa ya kuchanganya hivi vitu viwili, sio kupunguza kazi. Kuna watu wanasema rangi ni njia ya mkato ya kutojaza eneo lote kwa uzi. Mimi naona ukifikiria hivyo unaishia na kazi ambayo nusu imeachwa. Anza kwa kujiuliza nini kinatakiwa kulala na nini kinatakiwa kusimama, halafu kinachotakiwa kulala kipake.

Anga na maji: nalowesha kitambaa kwa maji ya kupuliza, sio kuchuruzika, halafu naweka rangi iliyozimuliwa, waridi juu, chungwa kidogo katikati, nyekundu ya kahawia chini. Pamba ikiwa mbichi rangi inatembea yenyewe kufuata nyuzi na mipaka inapotea. Watu wengi wanalalamika rangi kusambaa, hapa ndio unataka isambae. Chini weka nailoni ili isishike meza. Kuzimua: maji peke yake mengi yanaidhoofisha rangi isishike vizuri, ndio maana nazimua kwa midiamu na maji kidogo. Fuata kilichoandikwa kwenye chupa yako, kuna zinazosema rangi 2 midiamu 1, kuna zinazosema nusu kwa nusu.

Acha ikauke. Kabisa. Usiwe na haraka.

Mwili wa ndege: hapa napaka waridi ileile nyepesi ya karibu na uzi nitakaotumia. Watu wananiuliza kwa nini nipake sehemu ambayo uzi utaifunika. Kwa sababu vitanzi havifuniki asilimia mia, mtu akikalia mto au akipitisha mkono vitanzi vinafunguka na ukiwa na kitambaa cheupe chini unaona weupe unachungulia. Ukiwa na waridi chini huoni kitu, na huna haja ya kubananisha mishono mpaka kitambaa kijikunje. Ukishabananisha sana kitambaa kinavimba na hakinyooki tena hata kwa pasi. Kwa hiyo rangi ya chini inakupa ruhusa ya kuacha nafasi kidogo, kazi inakuwa laini na unaokoa uzi.

Mipaka ya ndege: hapa sitaki kusambaa. Kitambaa kikavu, brashi ngumu fupi, chovya, futa kwenye karatasi mpaka brashi iwe karibu kavu, halafu gonga gonga ukianzia ndani kuelekea ukingoni. Kama bado inasambaa pitisha midiamu tupu isiyo na rangi kwenye mstari wa nje, iache ikauke, inakuwa ukuta. Ila huo mstari upitishe upande wa maji, usiupitishe mahali sindano itachoma mshono wa ukingo, maana midiamu nayo inagandisha kilekile.

Miguu, ncha ya mdomo, jicho: rangi nzito, brashi nyembamba, sindano haiji hapa. Sindano nene haiwezi kuchora mguu wa heroe, utapata gogo. Na kivuli cha ndege kwenye maji napaka pia, kivuli hakina kimo.

Baada ya pasi nawamba. Mkazo ni wa lazima, gonga kwa kidole isikike. Ringi ya kawaida ya kudarizi inalegea, mimi nina fremu ya mbao na nabana kwa stepla kuzunguka pande zote. Naanza kuchoma mstari wa ukingo wa ndege halafu najaza ndani. Vitanzi vya mgongoni nafanya virefu kidogo, vya shingoni vifupi, kwa hiyo mwili una mviringo wake. Zile sindano zenye kirekebishio cha urefu zinarahisisha, zisizonacho unakata kipande cha mrija unavisha kwenye shina la sindano kuzuia isizame sana.

Ukichoma hakikisha ncha haiinuki juu ya kitambaa, iburute tu juu yake kwenda mshono unaofuata, na uzi uwe huru usikamatwe na kitu. Vitanzi vinavyotoka kwa watu wengi ni kwa sababu hizo mbili, ukishaitoa ile ya rangi nzito.

---

fundi_makochi

Mimi ni fundi wa makochi, naongea kama mtu anayevalisha hivi vitu. Kazi nzuri sana dada ila niwaambie ukweli wa mto wa sebuleni. Mto unakaliwa, unalaliwa, watoto wanaupigania. Vitanzi virefu vinanasa pete, vinanasa zipu. Na rangi nzito inapasuka pale mto unapojikunja, hasa pembeni karibu na mshono. Kwa mteja wa kawaida ningesema vitanzi vifupi, rangi nzito isikae karibu na ukingo, na nyuma ya kazi ubandikwe kitambaa cha gamu kwa pasi kabla sijashona. Na acheni ukingo wa kutosha, watu wananiletea kazi imefika mpaka mwisho wa kitambaa nashonea wapi.

---

SindanoTabata

Fundi nimekuelewa na nakubaliana, hasa hilo la ukingo. Mimi naacha kiganja kizima pande zote, sehemu ya kuwambia inakuja kuwa sehemu ya kushonea.

Kuhusu gamu ya nyuma naomba tutofautiane kidogo. Kama kitambaa ni sahihi na mishono iko karibu karibu vitanzi vinajishika vyenyewe, ila kwa mto unaotumika kila siku weka, haina hasara. Tahadhari ni ileile ya pasi, kama uzi ni akriliki gamu ya kubandika kwa moto itakulazia vitanzi. Tumia uzi wa pamba au wa sufu halisi, laza kazi juu ya taulo nene vitanzi vikiangalia chini, pasi ipite nyuma bila kukandamiza. Kama ni akriliki basi shonea kitambaa cha ndani tu, hapo fundi ndio kazi yako.

---

Kivu_Portland

Salamu kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, niko Portland jimbo la Maine, Marekani. Nimefurahi kuona hii mada kwa sababu huku ninapoishi kuna historia inayofanana. Watu wa pwani hii ya Maine na upande wa Kanada walitengeneza mazulia ya vitanzi kwenye magunia ya juti, walivuta kwa ndoano sio sindano ya bomba, lakini kitanzi ni kitanzi. Kwenye mji wa Biddeford, karibu na hapa, kulikuwa na mchuuzi wa vyombo vya bati anaitwa Edward Sands Frost, yeye miaka ya 1860 mwishoni alianza kukata stensili za chuma na kupaka picha kwenye gunia kwa rangi, maua, simba, mbwa, halafu anaziuza. Mama nyumbani anafuata zile rangi na vitanzi. Kwa hiyo rangi chini, kitanzi juu, ni jambo la zamani. Tofauti kwake rangi ilikuwa ya kuonyesha njia tu, zulia likiisha haionekani. Nyinyi mnaiacha ionekane. Mimi napenda hivi vyenu.

---

mama_nakuru

Wah, sikuwa najua. Stensili ya chuma 👏

---

SindanoTabata

Kivu asante sana kwa hii, nimejifunza. Na kuna kitu kinachekesha, marekani yetu hii tunayoichoma nayo ilitoka hukohuko ulipo. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, walikuwa wanaleta Zanzibar vitambaa vya pamba vya viwanda vyao, Marekani na Sultani wakawekeana mkataba wa biashara mwaka 1833, na kitambaa kikabaki na jina la kule kilikotoka mpaka leo.

Stensili nami natumia kwa ndege wengi wanaofanana. Filamu kuukuu za eksirei ni plastiki ngumu, zinakatika vizuri na wembe, unaosha unatumia tena na tena. Ukigonga rangi kwa sponji karibu kavu kupitia stensili unapata ndege kumi wa ukubwa mmoja, halafu kila mmoja unamtofautisha kwa uzi.

---

Mrembo_wa_Kigamboni

Dada habari. Mimi tayari nimeshapaka, nimetumia akriliki ya kawaida ya kuchorea bila midiamu, na nimepaka zote mpaka ua la katikati ambalo nilitaka kulipiga panchi. Sasa imekuwa ngumu kama ulivyosema na sindano inatoboa matundu. Nifanye nini, nifue itoke? Kitambaa nimekipenda sana.

---

SindanoTabata

Nzuri mpenzi. Haitoki, akriliki ikishakauka imekauka, ukifua kwa nguvu utaharibu kitambaa. Lakini kazi yako haijafa. Chukua marekani nyingine, lipige panchi ua peke yake humo, ukimaliza likate ukiacha ukingo wa kama sentimita moja na nusu, kunja ukingo nyuma, kisha lishonee kwa mkono juu ya picha uliyopaka. Sindano ya mkono inapita kwenye akriliki bila shida kwa sababu uzi wa kushonea unafungwa fundo, hauhitaji kubanwa na kitambaa. Ua litakaa juu zaidi hata kuliko lingekuwa limechomwa palepale. Mimi nimeona kazi za namna hiyo na nazipenda, hasa maua na matunda.

Akriliki ya kawaida isiyo na midiamu itumie kwenye picha za ukutani. Kwenye kitu cha kushikwa na kufuliwa inakuwa ngumu na inakwaruza ngozi.

---

chuo_cha_sanaa

Swali fupi. Je kupaka rangi JUU ya vitanzi vilivyokwisha inaruhusiwa? Nataka ncha za mabawa ziwe na kivuli.

---

BintiBatiki

Mimi naona uzi una rangi nyingi dukani, kivuli kitoke kwenye uzi. Kupaka juu ya vitanzi vinakuwa vigumu vinakwaruza.

---

SindanoTabata

Wote mko sawa, inategemea. Kama unatumia uzi wa nyuzi 6, kivuli kizuri kinatoka kwa kuchanganya kwenye sindano moja: nyuzi mbili za waridi na moja ya nyekundu, ukisogea mbele unageuza moja ya waridi mbili nyekundu, rangi inabadilika pole pole na hamna mstari unaoonekana. Hiyo ndio ninayoipendelea.

Ila kwa uzi mnene wa rangi moja, chovya brashi, ifute karibu ikauke, pitisha juu ya vichwa vya vitanzi tu, usizamishe. Rangi ikikaa kwenye ncha tu uzi haugandi. Fanya hivyo kwenye pamba, akriliki usiiguse kwa sababu utashindwa kupiga pasi ili rangi ishike. Na jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, mimi kila kazi nina kipande cha pembeni cha kitambaa hichohicho, rangi hiyohiyo, uzi huohuo, nakifua na kukipiga pasi kabla kazi yenyewe haijaguswa. Uzi mwekundu hasa unachuja, na ukichuja kwenye maji uliyoyapaka kwa uangalifu hakuna dawa.

---

Mrembo_wa_Kigamboni

Nimelikata ua nimeanza, asante sana dada. Na bei je? Watu wananiambia nusu umepaka tu kwa hiyo punguza.

---

SindanoTabata

Usipunguze. Mteja hajui kwamba kile kilichopakwa kimefuliwa, kimekaushwa siku nzima, kimepigwa pasi, na kimepangwa kwa ajili ya vitanzi. Mwonyeshe mto wako na mto uliojazwa uzi kila mahali aviweke pamoja, aguse mwenyewe, acha aamue. Mimi nauza kwa muda wangu na vifaa, siuzi kwa kuhesabu eneo lenye uzi.

---

fundi_makochi

Hapo umenena. Na kufua je, nimwambieje mteja?

---

SindanoTabata

Baada ya pasi ya kushikisha rangi asiguse maji kwa siku kadhaa, chupa nyingi zinaandika muda wake, afuate huo. Baada ya hapo maji ya baridi, sabuni laini, kwa mkono, akandamize asisugue, asikamue kwa kukunja. Amalizie kwa kuuviringisha kwenye taulo na kuukandamiza maji yatoke, halafu aanike kivulini ukiwa umelala, jua la moja kwa moja linapausha waridi kwanza kabla ya rangi nyingine. Pasi nyuma tu, juu ya taulo. Mimi naandika hayo kwenye kikaratasi nakishonea ndani ya foronya pembeni ya zipu, ukinishonea wewe nitakuletea kikaratasi pamoja na mto.